Jina Tusilolitaja Mtoni

Sijawahi kumwona dubu maishani mwangu, na simwombi Mungu anionyeshe. Wanafunzi wangu hawajamwona, baba zao hawajamwona, na sidhani kama yuko mtu katika Kasongo nzima, mji wetu huku Kongo, aliyemwona isipokuwa kwenye simu. Hata hivyo kila mwaka tunafika ukurasa ule wa kitabu cha Kiingereza wenye picha yake, amesimama kwa miguu miwili katika theluji, kinywa wazi, na chini yake neno la herufi nne: bear. Sikuwa nalipenda somo lile. Mwalimu wa Kiingereza katika mji unaosema Kiswahili nyumbani, Kifaransa ofisini na kusali kwa Kiarabu ana mzigo wa kutosha bila kuongezewa mnyama wa theluji.

Nafundisha shule ya mapadri, ingawa mimi ni mtoto wa Kiislamu tangu kwa babu zangu. Hapa kwetu hilo halimshangazi mtu. Mwaka ninaouzungumzia nilisimama mbele ya darasa na kueleza kama kawaida yangu, haraka haraka, ili tuhamie ukurasa mwingine. Nikasema huyu ni mnyama mkubwa wa nchi za baridi, ana manyoya, anakula samaki na asali na akikosa vyote anaweza kukula wewe. Nikasema Waingereza wanalitumia neno hilohilo kwa mtu anayeamka na hasira na kuinunia nyumba nzima. Hapo darasa likacheka, na nilijua vizuri sana wanamcheka nani. Nikaendelea na mambo ya biashara: mfanyabiashara anayeuza mali yake leo kwa sababu anaamini kesho bei itaanguka, naye anaitwa jina hilo, na inasemekana lilianzia kwa wachuuzi waliouza ngozi ya dubu kabla dubu mwenyewe hajakamatwa. Kijana mmoja, ambaye baba yake hununua dhahabu kwa wachimbaji, akasema watu wa namna hiyo wamejaa sokoni kwetu.

Kisha msichana wa dawati la mbele, mpole, ambaye kwa kawaida hasemi mpaka aulizwe, akanyoosha kidole. «Madamu, na wao walitoa wapi hiyo jina?»

Sikujua. Nikamwambia nitatafuta, nikitumaini atasahau. Hakusahau. Alinikumbusha mara tatu kwa adabu ile inayochosha kuliko utukutu, mpaka siku moja baada ya masomo nikaingia maktaba ya mapadri na kushusha kamusi kubwa ambayo mchwa walikuwa wamekwisha kula jalada lake. Nikafungua nikiwa nimesimama, kwa maana nilitaka kwenda nyumbani kupika.

Kamusi ilisema kwamba mababu wa Waingereza, zamani sana, walikuwa na jina jingine la mnyama yule. Hawakulitumia. Waliamini kwamba ukimtaja porini anasikia, na akisikia anakuja. Basi wakasema tu «yule wa rangi ya udongo», na mtu mwingine akaelewa. Watoto waliozaliwa walisikia hilo la udongo tu. Watoto wa watoto hao nao hivyohivyo. Mwisho wale wazee wakafa, na jina lenyewe likafa pamoja nao katika lugha ile, hakuna tena aliyelijua. Neno bear ni kile kificho kilichobaki. Kamusi iliongeza kwamba wataalamu wengine wanabisha, wanasema maana yake ni mnyama mkali tu. Iliongeza pia kwamba Warusi nao walimwogopa wakamwita mla asali, na kwamba Wagiriki, waliokaa mbali zaidi kusini, walilihifadhi jina la zamani bila wasiwasi.

Nikavuta kiti nikakaa. Mikono ilikuwa inatetemeka. Mzee wa maktaba akaniuliza kama ni malaria, nikamwambia ndiyo. Malaria ni jibu zuri, halileti swali la pili.

Haikuwa malaria. Niliogopa. Maisha yangu yote nilidhani ni sisi tu.

Nilikulia kijiji kimoja mbele ya mji mdogo wa Wamaza, mwendo wa saa moja kwa miguu, ambako baba alikuwa na duka dogo la chumvi, sabuni na vitenge. Baba alitoka Kasongo. Mama alizaliwa palepale, wa kabila la Wabangubangu wa kando ya mto, na sheria za mto zilikuwa zake. Katika mto ule kuna mamba. Naliandika neno hilo hapa nikiwa mezani kwangu Kasongo, mbali na maji, na bado kalamu ilisita kabla ya kuliandika.

Kwetu halisemwi mchana. Si jina tu, hata habari yake haisemwi kwa kificho, hata kwa kuonyesha kidole, maadamu bado kuna mtu wa nyumba hiyo atakayeshuka mtoni. Mambo ya mtoni husemwa jioni, ndoo ya mwisho ikiisha kuingia ndani. Hapo unaweza kusema umeona nini, na kesho watu watajua wachote wapi. Lakini ukisema mchana, wanasema, maji yanalichukua neno, na yule atakayelisikia kisha akashuka siku hiyohiyo ndiye atakayekamatwa. Kwa hiyo kumwambia mtu ni kumchagua. Mama alitufundisha hivyo kabla hatujafundishwa kusali, na hakutufundisha kwa kutucheka. Alikuwa anashika masikio yetu mawili akituangalia mpaka tuseme tumesikia.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, mdogo wangu alikuwa na minane. Asubuhi moja nilishuka peke yangu kuchota maji ya kwanza. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mto. Kwenye mchanga, karibu na jiwe tunalofulia, kulikuwa na gogo ambalo jana halikuwapo. Nikalitazama. Lilikuwa na jicho, na jicho lilikuwa wazi.

Nilirudi kinyumenyume mpaka kwenye majani, kisha nikakimbia. Mama akauliza maji yako wapi. Nikasema tumbo linaniuma. Lilikuwa linauma kweli, lakini si kwa sababu aliyoifikiria yeye. Alinipa maji ya majani machungu akaniambia nilale. Nikalala juu ya mkeka, uso ukutani, nikingoja jua lizame ili niseme. Sijawahi kungoja kitu kama nilivyongoja jua lile. Watu walikwenda mtoni na kurudi. Nilisikia wanawake wakicheka njiani na mihogo yao ya kuloweka. Saa sita ilipita, saa nane ikapita, nami nikaanza kuamini kwamba amekwenda zake.

Wakati wa alasiri mama alitaka maji ya kutawadha. Nikamsikia akimwambia mdogo wangu achukue ndoo. Nikasikia mkono wa ndoo ukigonga ubavu wa ndoo, kwa maana yeye alikuwa na tabia ya kuibembeza akitembea. Nilikuwa macho. Nilikuwa na neno mdomoni. Nikafikiri: nikilisema sasa, amelisikia, na anashuka, basi ni mimi nimemtoa. Nikauma ukingo wa mkeka. Mlio wa ndoo ukateremka njia mpaka ukaisha.

Wanawake wa mihogo ndio waliomwokoa. Walimvuta kwa upande mmoja, naye yule akamvuta kwa upande wake, na mmoja wao akampiga yule mnyama kichwani kwa mchi mpaka mchi ukavunjika. Walimrudisha mdogo wangu akiwa hai. Wanaume walimbeba kwa kipoyi, machela ya miti na kamba, siku mbili mpaka Kabambare, na huko mkono wake wa kushoto ukakatwa juu ya kiwiko. Aliporudi, mama alikuwa amefunga fundo kwenye mkono wa gauni lake ili usipepee.

Jioni ile ya kwanza, ndoo ya mwisho ilipoingia, sikusema kitu. Ningesema nini? Na jioni zilizofuata pia. Miaka ikapita, baba akafariki, mimi nikaenda kusoma, nikaolewa Kasongo, nikapata mtoto wa kike. Mdogo wangu aliolewa akaachika, akarudi kuishi na mama. Anapika mikate ya kuuza, anacheka sana, ana maneno makali kuliko yangu. Kila akicheka mbele yangu nilikuwa najiuliza kama angecheka hivyo angejua. Hiyo ndiyo hofu niliyokuwa nayo kuliko zote. Mnyama mwenyewe nilimwogopa kidogo kuliko siku ambayo mdogo wangu angeniuliza, yaya, kama tunavyomwita dada mkubwa kwetu, kwa nini ulilala siku ile.

Sasa mnaelewa kwa nini nilikaa kitini mbele ya kamusi ile. Nilifikiri watu wale wa baridi walikuwa na msichana wa miaka kumi na mmoja kama mimi, aliyeona kitu cha rangi ya udongo nyuma ya miti akanyamaza. Walinyamaza vizuri sana. Walinyamaza mpaka jina likapotea duniani kwao. Na dubu aliendelea kuwala kama kawaida.

Darasani nilimjibu yule msichana kwa ufupi, kwamba ni jina la kificho, na nikahamia ukurasa wa pili. Sikuweza kusema zaidi. Wakati wa kutoka alinishukuru kwa adabu yake ileile.

Likizo kubwa ilipofika, mama alipanda kilimani kutafuta rezo ya simu akanipigia. Alitaka kumwona mjukuu wake. Binti yangu alikuwa na miaka tisa na alikuwa hajawahi kufika kijijini. Kila mwaka nilikuwa nimepata sababu, mara mvua, mara barabara, mara usalama, na mara nyingi sababu hizo zilikuwa za kweli. Mwaka ule barabara ilikuwa kavu na njia tulivu, na mume wangu akaniangalia akingoja nitatoa sababu gani. Sikuwa nayo. Nikafunga mizigo.

Binti yangu alibeba dubu wake. Ndiyo, alikuwa na dubu, wa kitambaa, wa rangi ya udongo, mwenye jicho moja la kifungo, niliyemnunua sokoni kutoka kwenye marobota ya nguo za Ulaya kabla sijajua habari zake. Alimfunga mgongoni kwa kipande cha kitenge kama mama anavyobeba mtoto, na hivyo tukapanda pikipiki, dereva mbele, mtoto katikati, mimi nyuma na mkoba.

Siku ya pili tulifika daraja la magogo, mahali ambapo dereva huwashusha abiria na kuisukuma pikipiki akitembea. Chini maji yalikuwa meusi na hayaonyeshi yanakwenda upande gani. Binti yangu akainama, akaangalia, akauliza kwa sauti ya mjini, sauti ya mtoto aliyesoma kitabu chenye picha: «Mama, humu ndani iko mamba?»

Dereva akasimama palepale katikati ya magogo. «Mama, funga kinywa ya mutoto,» akasema, na hakusema kwa mchezo.

Na mimi, mwalimu mwenye diploma, niliyesoma kamusi na kutetemeka, nilifanya nini? Nilimpiga binti yangu kofi la mdomo. Si kofi kubwa, lakini lilikuwa la kwanza maishani mwake. «Nyamaza. Hiyo jina hapana sema tena.» Akashtuka, dubu akachomoka kwenye kitenge na kuanguka kwenye matope mwisho wa daraja. Alimwokota bila kulia. Njia nzima iliyobaki hakuniuliza tena, na nilijua nimekwisha kumfanya kama mimi, na nilishukuru kwamba amenyamaza, na nikajichukia kwa kushukuru.

Mama alitupokea kwa vigelegele hafifu vya mtu aliyezeeka. Mdogo wangu alimkumbatia binti yangu kwa mkono wake mmoja akamwinua juu kabisa, akasema mtoto ni mzito kuliko gunia la unga. Jioni, ndoo ya mwisho ilipoingia na mlango wa jiko kufungwa, niliuliza habari za mto kama inavyotakiwa.

«Muto iko muzuri,» mama akasema. «Mwaka muzima hatujaona kitu.»

Nililala nikiwa nimemshika binti yangu nguo. Alfajiri, baada ya sala, nikachukua ndoo kabla mtu mwingine hajaamka ili niwe wa kwanza kushuka. Nilijiambia nataka kuona mahali pale nikiwa mtu mzima. Njia ilikuwa ileile, majani yaleyale yenye umande. Jiwe la kufulia lilikuwa limesogea au mimi nimekua. Nikasimama juu, sikushuka.

Alikuwapo. Si yule wa zamani, najua, wa zamani atakuwa amekufa. Alikuwa mdogo kuliko ninavyokumbuka, nusu mwili ndani ya maji, nusu kwenye mchanga, na alikuwa anaangalia mahali ambapo watu hukanyaga. Nikasikia harufu ya ule mkeka wa miaka ile, nikasikia ladha ya ukindu mdomoni, na mwili wangu wote ukataka kwenda kulala uso ukutani.

Nikarudi mbio na ndoo tupu. Nilipofika uani, mdogo wangu alikuwa amekaa juu ya kigoda akimenya mihogo. Huubana muhogo kwa nyayo mbili na kushika kisu kwa mkono. Mama alikuwa anapuliza moto. Na binti yangu alikuwa amesimama mwanzo wa njia ya mtoni, ndoo ndogo mkono mmoja, kipande cha sabuni mkono mwingine, dubu mwenye matope kwapani.

«Nimemutuma maji,» mama akasema. «Anataka pia kuosha mutoto wake.»

«Acha ndoo,» nikamwambia binti yangu.

«Ju ya nini?» mama akauliza, akaniangalia, na nadhani aliona uso wangu, kwa sababu aliacha kupuliza. Alijua. Alijua kwamba nimeona, na alijua kwamba siwezi kusema, na alichofanya ni kile ambacho kina mama wote wa mto wangefanya: alinipa njia ya kutoka. «Kama tumbo inakuuma,» akasema polepole, «ulale kidogo. Mutoto anaweza kungoja, ama tunamutuma mwingine.»

Tumbo. Alikumbuka tumbo.

Nilimtazama binti yangu. Alikuwa na pengo la jino la mbele na mdomo wake, ule niliompiga, ulikuwa umefungwa vizuri sana. Niliogopa mambo mawili kwa pamoja. Niliogopa kwamba mama yuko sahihi, na kwamba nikisema nitakuwa nimemchagua mtoto wangu kwa kinywa changu mwenyewe. Na niliogopa mlio wa ile ndoo ukiteremka njia.

«Mamba,» nikasema. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. «Iko mamba kwenye muchanga, karibu na jiwe. Nimeiona na macho yangu sasa hivi. Mutu asishuke.»

Mama alipiga kelele. Alimrukia binti yangu, akamvuta hadi jikoni, akachota majivu akampaka paji la uso, mashavu, masikio, hasa masikio, huku anasoma alichokumbuka cha kusoma. Mtoto akaanza kulia. «Weye unasoma, unakuwa mwalimu,» mama akanipigia kelele, «unarudi hapa kuua mutoto wako? Ungengoja! Ungengoja mangaribi!»

«Siku ile nilingoja mangaribi,» nikasema.

Nikamgeukia mdogo wangu. Alikuwa ameacha kumenya, lakini kisu alikuwa bado amekishika. Nikasema yote pale uani, mbele ya mama, nikiwa nimesimama na ndoo tupu. Nilisema kwamba asubuhi ile nilimwona, kwamba sikuwa mgonjwa, kwamba nilikuwa macho alipochukua ndoo, kwamba nilisikia mpaka mwisho. Sikuomba msamaha. Sikuwa na sura ya kuomba. Nilisema tu, na nilipomaliza niliona mikono yangu ina damu kidogo mahali ambapo waya wa ndoo ulikuwa umenikata.

Kuku wakaja kwenye maganda ya mihogo, mdogo wangu hakuwafukuza.

«Yaya,» akasema mwisho, «miye pia nilimuona.»

Sikuelewa.

«Siku moja kabla yake. Nilikuwa nafukuza mbuzi ya baba, nikamuona kwenye muchanga. Jioni nikasinzia kabla ya ndoo ya mwisho kuingia, sikusema. Kesho, mama ananiambia leta maji. Ningemwambia nini? Nikatae? Angeniuliza ju ya nini, na ningemujibu, na yeye mwenyewe angeshuka.» Alitazama fundo la gauni lake. «Nilienda namuogopa mupaka nikasahau kuogopa. Nilibembeza ndoo ili anisikie akimbie.»

Nilikaa chini, kwenye udongo. Miaka yote ile nilikuwa nimeusikia mlio wa ndoo na kuuita furaha ya mtoto asiyejua. Nililia bila aibu, kwa sauti, mimi ambaye wanafunzi wangu wanaamini sina machozi.

Mama alikuwa bado amemshika binti yangu. Majivu yalikuwa mikononi mwake mpaka viwiko. Alituangalia mmoja mmoja, mimi, kisha mdogo wangu, kisha mkono usiokuwapo. Midomo yake ilikuwa inafanya kazi kama ya mtu anayetafuna kitu kigumu.

«Na miye,» akasema, «asubuhi ile niliona alama ya mukia kwenye muchanga. Ndo maana nilichelewa na maji. Nikangoja, nikangoja, nikaona watu wanaenda na kurudi, alasiri inapita.» Akaiangalia ndoo tupu. «Nikasema kama simuambii, hatamukamata.»

Watu watatu katika nyumba moja, na kila mmoja alijua. Hakuna aliyenyamaza kwa ubaya. Nimeligeuza jambo hilo kila upande tangu siku ile na sijapata pa kulishika.

Kisha nikasikia sauti njiani. Wanawake wa nyumba ya jirani walikuwa wanatoka na ndoo zao, wanazungumza juu ya chumvi. Wawili walikuwa wazima, na nyuma yao watoto watatu au wanne wenye madumu ya njano. Walituamkia, «Mumeamukaje?» na wakaendelea kushuka.

Mama alimwachia binti yangu. Alinyanyuka kwa kushika nguzo ya jiko, kwa sababu magoti yake hayamtii tena, akatoka uani bila kiatu. Nilidhani anakwenda kuwaita kwa heshima, kuwapa sababu, kuwaambia tumbo. Alisimama katikati ya njia, akajaza kifua.

«Mamba!» akapiga kelele. «Mamba iko kwenye maji! Murudi! Mamba!»

Wanawake waligeuka, mmoja akaweka mikono masikioni. Mama hakuacha. Alipanda njia ya kijiji, nyumba kwa nyumba, akigonga milango kwa kiganja chenye majivu, na kila mlango alilitaja jina lile, na sauti yake ilikuwa inapasuka, na alipofika kwenye nyumba za juu tulikuwa bado tunamsikia. Watoto wenye madumu walirudi wakikimbia. Hakuna aliyeshuka mtoni asubuhi ile.

Binti yangu alikuja akakaa karibu nami, uso wote mweupe kwa majivu, dubu wake amembana kifuani. Nilimsafisha mdomo kwa ncha ya kitenge. Mdogo wangu alikuwa ameinua kichwa, anasikiliza ile sauti ikizidi kwenda mbali.

«Kumbe jina analijua,» akasema.

Kisha akachukua muhogo mwingine, akaubana kwa nyayo zake, lakini kisu hakikushuka. Alikaa hivyo, anasikiliza, mpaka mama aliporudi.